Neno "shamba" limetoka wapi, na ni lini "mshamba" likawa tusi?

#1 Mlima Vuli
Habari zenu wanajukwaa. Juma lililopita nilimsindikiza baba yangu kwenye ofisi moja ya umma kufuatilia hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake. Baba amepita miaka sabini. Siku hiyo alivaa koti lake la sherehe, na karatasi zake alikuwa amezitia katika mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Alipokosea foleni, karani alimwambia mbele ya watu wote, "Mzee, usituletee ushamba hapa." Baba hakujibu neno. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo aliponiuliza: "Kama nisingekuwa na shamba, ningekwenda pale kutafuta nini?"

Nimefungua kamusi, nikakuta "mshamba" lina maana mbili: mtu aishiye shamba, na mtu asiyejua mambo ya mjini. Kamusi haikuniambia ipi ilitangulia wala ni nani aliyeizaa ya pili. Mimi naamini "shamba" ni neno la Kibantu tangu asili, na kwamba dharau ililetwa na wakoloni. Mwenye ujuzi anisahihishe.

#2 Bin Kiungani
Pole kwa mzee. Nakusahihisha kwa yote mawili.

Huku Unguja, "shamba" si lile eneo lililolimwa tu. Ni kila kilicho nje ya Mji. Mtu akisema "leo nakwenda shamba" huenda hashiki jembe kabisa. Anakwenda kumtazama shangazi yake. Kwa hiyo "mshamba" kwanza lilitaja mahali mtu anapotoka, kama tunavyosema "Mpemba" au "mtu wa pwani".

Kuhusu asili, wapo wazee wanaosema ni neno la Kifaransa, "champ", yaani konde. Wanasema hivyo kwa sababu mikarafuu ililetwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa, na masimulizi mengi humtaja Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyeileta. Bibi yangu alitofautisha vizuri sana: muhogo na mpunga hulimwa kondeni, bali mikarafuu na minazi ya mwenyewe mmoja ndiyo huitwa shamba. Mwenye shamba alikaa Mji, na waliofanya kazi shambani walikuwa watumwa. Dharau unayoitafuta, ndugu yangu, ilianzia hapo, kabla mkoloni Mwingereza hajatia nanga.

#3 Kalamu Nyeusi
Nimesoma #2 kwa makini na naheshimu ushahidi wa bibi, lakini dai la Kifaransa lina tundu kubwa. Katika "champ" ile herufi ya mwisho huandikwa tu, haitamkwi; msikiaji hupata kitu kama "sha" chenye sauti ya puani. Mswahili aliyelisikia kwa masikio, si kwa kulisoma kitabuni, angelipata wapi hilo "mb"? Atakayeweza kunijibu swali hilo nitamfuata.

Wala ngeli haitusaidii. Wengine watasema kwamba "shamba/mashamba" limeingia katika ngeli inayopokea maneno mengi ya kigeni. Ni kweli, lakini ngeli hiyo hiyo ina "bonde/mabonde" na "konde/makonde", ambayo hakuna anayeyadhania kuwa wageni. Kufanana kwa maneno mawili ya lugha mbili hakuthibitishi undugu. Ni mwanzo wa upelelezi.

#4 Bin Kiungani
Kalamu, maneno hayakopwi kwa masikio peke yake. Kulikuwa na makarani na mikataba ya biashara, na wengine walisoma. Tena umeruka hoja yangu: kama tulikuwa na "konde" tayari, kwa nini tulihitaji neno la pili, isipokuwa kitu chenyewe kilikuwa kipya?

#5 Mpita Njia
Jamani, mnakwenda mbali bure. Shamba limetokana na Washambaa wa milima ya Usambara, ambao ni wakulima hodari tangu zamani. Jina lenyewe linajieleza.

#6 Jirani wa Lushoto
Mpita Njia, umepita haraka mno, ungekaa kidogo ukanywa maji. Mimi ni Mshambaa. Jina letu la zamani lina "l" ndani yake, Shambala, na hadi leo vitabu vingine huiita lugha yetu Kishambala. Hiyo "l" imedondoka katika matamshi ndiyo maana unasikia "a" mbili mwishoni. "Shamba" halikuwahi kuwa na "l" wala "a" ya ziada. Sisi tunapenda kulima, hilo nakubali, lakini jina letu si jembe.

#7 Mwalimu Mstaafu
Salaam kwenu. Ningependa tuutazame upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu hatuwezi kujua shamba lilidharauliwaje bila kujua lilitofautishwa na nini. Lilitofautishwa na mji. Je, "mji" maana yake ni nini?

Shina lake ni silabi moja tu, "-ji". Mashina mafupi namna hiyo yanapotiwa katika udogo hupewa "ji" ya kuyakingia: mti huwa kijiti, na mji huwa kijiji. Katika ukubwa, mti huwa jiti, na mji huwa jiji. Kwa hiyo kijiji na jiji ni ndugu wa tumbo moja; mmoja amedogeshwa, mwingine amekuzwa, na mama yao ni mji. Nilifundisha jambo hili miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi walishangaa, maana walidhani kijiji na jiji ni vitu vilivyo mbali kama mbingu na ardhi.

Sasa tazameni majirani zetu. Wazulu husema "umuzi", Wachewa husema "mudzi", na wote hawamaanishi barabara za lami na maduka. Wanamaanisha boma la familia au kijiji. Shina ni lile lile. Maana yake ni kwamba hapo kale mji ulikuwa ni makazi ya ukoo huko huko mashambani, na sisi wa pwani ndio tuliolichukua neno la nyumbani tukalifanya jina la mahali penye soko, bandari na nyumba za mawe.

#8 Mwana wa Musyi
Asante sana Mwalimu, umenifungulia jambo lililonisumbua tangu utotoni. Mimi ni Mkamba, na kwetu "musyi" ni nyumbani. Nilipoanza shule nilimsomea nyanya sentensi kutoka kitabu cha Kiswahili, kwamba fulani ameuacha mji wake kwa sababu ya kelele na uchafu. Nyanya aliacha kupepeta mahindi, akauweka ungo chini, akauliza kwa huzuni ya kweli: "Amewaacha na nani?" Alifikiri mtu yule ametoroka familia yake. Sikuweza kumweleza, na leo ndio naelewa kwamba yeye ndiye aliyekuwa na maana ya zamani, si mimi niliyekuwa na kitabu.

#9 Binti Mahame
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu shina, lakini kwa sisi wa Tanzania neno "kijiji" lina historia nyingine juu yake ambayo sarufi haiioneshi. Wazazi wangu walikuwa na shamba, walikuwa na nyumba, walikuwa na majirani, lakini hawakuwa na kijiji. Nyumba zilitawanyika, kila mtu karibu na mazao yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 likaja neno la ujamaa vijijini, na kufikia 1973 kuishi vijijini kukawa ni amri. Walihamishwa wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Marehemu mama aliposema "kijiji" alimaanisha ile mistari, na pale walipotoka alipaita "mahame", kutokana na kuhama. Bado pana miembe mitatu na jiwe la kusagia lililozama nusu ardhini. Nilipokuwa mdogo tulikwenda huko kuokota maembe, naye kila mara aliligusa lile jiwe kabla ya kuinama.

Kwa hiyo mtu anayesema kwamba "watu wa vijijini" ni namna ya zamani ya kuwataja wakulima hasemi kweli kwa kila mahali. Kwa wengi wetu ni neno la serikali, na lina umri wa kueleweka.

#10 Mwalimu Mstaafu
Binti Mahame, nimesahihishwa, na nashukuru. Naongeza "kitongoji", ambalo nalo limepita njia ya namna hiyo. Kwa sheria za serikali za mitaa za Tanzania, kitongoji ni sehemu ya kijiji. Ukisikiliza taarifa za habari za kimataifa, utasikia "kitongoji" cha jiji fulani la ng'ambo, yaani pembezoni mwa mji. Na Kenya husema "vitongoji duni" kwa makazi ya watu maskini mjini. Neno moja, nalo limekaa shamba, kando ya mji na katikati ya mji. Wengine hulihusisha na "tongo", ardhi iliyoachwa baada ya watu kuhama, na kama ni hivyo basi mahame ya mama yako yamo ndani yake.

#11 Kalamu Nyeusi
Hiyo "-ji" ya mwisho wa "kitongoji" utaielezaje, Mwalimu? Tusije tukaipokea kwa sababu ni nzuri tu.

#12 Nyuki wa Nyika
Mmesahau neno lililotuumiza sisi zaidi ya "mshamba". Waswahili wa miji ya pwani walituita Wanyika, watu wa nyika, yaani wa vichakani kusiko na maji wala watu. Babu yangu alikataa kuitikia jina hilo. Katika miaka ya 1940 ndipo lilipoenea jina la Mijikenda, miji tisa, na nawaomba mtazame walichochagua wazee wetu: walipotaka kuliondoa jina la nyika walichukua neno "mji". Nayo ile miji ilikuwa ni makaya, makazi yaliyozungukwa na msitu, ambayo mwaka 2008 misitu yake iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Tena "nyika" lenyewe halina kosa. Kwa Washona wa Zimbabwe ni nchi, taifa lenye watu wake. Ni sisi tulioligeuza kuwa mahali patupu, kwa sababu aliyelitumia alikuwa amesimama ufukweni na mgongo wake umeelekea bahari.

#13 Mpita Njia
Na Tanganyika je? Si tanga na nyika, yaani tanga katikati ya nyika?

#14 Kalamu Nyeusi
Jina la Tanganyika lilikuwa la ziwa kabla halijawa la nchi. Waingereza waliipa nchi jina hilo mwaka 1920. Kwa hiyo maelezo yoyote lazima yaanzie ziwani, kwa lugha za watu wa kule, si kwa Kiswahili cha pwani. Wapo waliolieleza kwa kitenzi cha kuchanganyika, kwamba ni mahali maji yanapokutana. Mimi siegemei upande wowote, lakini nakuomba uache kukata maneno kama muwa.

#15 Binti Masika
Kuhusu aliyesimama ufukweni, Nyuki amesema jambo kubwa. Tazameni "bara". Neno hili ni la Kiarabu, "barr", nchi kavu ikilinganishwa na bahari. Halina shamba ndani yake, halina ushamba. Lakini kwa mtu wa Mombasa, Nairobi ni bara, na hakuna ghorofa litakaloiondoa huko. Kwa mtu wa Unguja, Dar es Salaam ni bara ingawa miguu yake imo majini. Ndiyo kusema maneno haya hayapimi ukubwa wa mahali wala elimu ya watu wake. Yanapima umbali kutoka kwa msemaji.

"Pwani" nalo lina utamu wake. Limetoka katika kupwa, maji yanaporudi nyuma na mchanga kubaki wazi. Ni mahali panapopwa. Mvuvi hahitaji kamusi kulijua hilo, anaona kila siku.

#16 Karani Mstaarabu
Naomba niingie na "boma". Tulifundishwa na mzee mmoja ofisini kwamba ni herufi za mwanzo za jina refu la Kiingereza la utawala wa kikoloni, ndiyo maana ofisi za wilaya ziliitwa bomani.

#17 Mwalimu Mstaafu
Hapana, bwana. Hadithi hiyo imesambaa sana lakini haisimami. Wasafiri wa karne ya 19, akiwemo Stanley, waliliandika neno hilo wakimaanisha ua wa miiba au magogo, miaka mingi kabla ya utawala wa Waingereza hapa. Nao Wajerumani walikuwa na maboma yao kabla ya Waingereza. Lilianza kama ua wa kuzuia fisi asile ndama, kisha likawa ngome, kisha likawa ofisi yenye karani. Wengine hulipeleka hadi Kiajemi, wengine hulibakiza kwenye Kibantu, na mgogoro huo bado uko hai.

#18 Nyuki wa Nyika
Basi karani wa #1 alikuwa amekaa ndani ya neno la wafugaji akimsimanga mkulima.

#19 Fundi wa Jembe
Mimi nimesoma yote kimya, lakini sasa nasema, kwa sababu mnayataja maneno ya shamba yaliyodharauliwa na mnayasahau yaliyopandishwa cheo.

Chukueni "ulingo". Leo ni wa ndondi, leo ni wa siasa. Kwetu ulingo ni jukwaa la miti lililosimama katikati ya mpunga au mtama, na juu yake anakaa mtoto mwenye kombeo na debe bovu la kufukuzia ndege. Nimekaa humo tangu alfajiri, umande ukinidondokea shingoni kutoka kwenye makuti, huku nikijua kwamba nikisinzia kwa dakika chache, kundi la kwelea litashuka na tutakula kidogo mwaka ule. Aliye ulingoni haonyeshi nguvu zake kwa watazamaji. Analinda.

Chukueni "ngwe". Watangazaji wa mpira husema ngwe ya kwanza na ngwe ya pili, na wanasiasa nao wana ngwe zao. Ngwe ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu mmoja akilime hadi mwisho. Tulipolima kwa zamu, mama mkubwa alitembea mbele na kutuwekea alama kwa kisigino, huyu hapa hadi pale, na huyu naye. Ngwe za wazee zilikuwa fupi bila mtu kusema kwamba ni fupi. Aliyemaliza mapema hakuondoka; aligeuka akaanza upande wa pili wa ngwe ya jirani yake ili wakutane katikati.

#20 Kalamu Nyeusi
Fundi wa Jembe, ahsante, hii ndiyo aina ya ushahidi ninaouheshimu. "Ulingo" wengine hulihusisha na kulinda, na maelezo yako yanavutia kuamini hivyo, ila badiliko la "d" kuwa "g" linahitaji kuelezwa kwanza.

#21 Bin Kiungani
Nirudi kwa swali la #1, maana tumezunguka. Nadhani tusiangalie tu maneno ya kudharau. Tuangalie na ya kusifu. "Ustaarabu" limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuwa kama Mwarabu. "Utamaduni" nalo lina undugu na "madina", yaani mji. Tulipotafuta neno la mtu aliyeelimika na mwenye adabu, tulilikuta bandarini. Mshamba ni yule aliyebaki upande wa pili wa maneno hayo. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa ni watu wangu waliolitumia.

#22 Binti Mahame
Lakini Bin Kiungani, lugha ile ile ina "utu" na "uungwana", na hakuna ulichokitaja kinachoyafuta. Mama yangu hakuwahi kumsifu mtu kwa ustaarabu. Alisema, "Yule ana utu," basi.

#23 Mwana wa Musyi
Kenya vijana wana "ushago" na "ocha", na wote husema hivyo kwa hamu ya kwenda Desemba. Wapo wanaolihusisha "ushago" na "gichagi" la Wakikuyu. Sikatai wala sikubali. Nataka kuonyesha tu kwamba neno la mashambani linaweza kusemwa na macho yakang'aa.

#24 Karani Mstaarabu
Na "shamba la bibi", mali isiyo na msimamizi? Nilisikia bibi huyo ni malkia wa Uingereza.

#25 Fundi wa Jembe
Kwetu ni bibi mzaa mama, ambaye wajukuu huchuma miwa yake naye anawatazama tu. Tena si kweli kwamba hakuna msimamizi. Bibi anahesabu kila muwa, anakaa kimya kwa kupenda.

#26 Mlima Vuli
Ahsanteni nyote. Nilikosea kuhusu wakoloni, na kuhusu Ubantu wa "shamba" sina tena uhakika niliokuja nao. Jana usiku nilimsomea baba uzi wote kutoka mwanzo. Palipotajwa karani alinyamaza. Palipotajwa mahame alitaka nirudie. Ila nilipofika kwa ngwe aliinuka akaketi vizuri, akasema kwamba kwao haikupimwa kwa kisigino, ilipimwa kwa kamba ya mkonge yenye mafundo, na kamba yenyewe ilitunzwa na mtu mmoja ambaye hakuruhusiwa kuilaza chini.

Nikafungua kamusi tena. "Ugwe" ni kamba nyembamba, na wingi wake ni "ngwe". Fundi wa Jembe, kwenu kule kwa mama mkubwa, kabla ya kisigino, kamba haikuwahi kuwapo? Baba anasubiri jibu, na amesema nisizime simu.